Bonge hali wali

Bibi yangu alipokuja Dar kutoka Pangani kutibiwa macho, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa baada ya kufunguliwa bandeji kilikuwa samaki. Alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo, akamkodolea. Samaki naye akaja mbele, akamkodolea. Wakakaa hivyo kitambo, ndipo bibi akanigeukia.

"Mume wangu, huyu analiwa lini?"

"Haliwi, bibi. Ni wa kutazama."

"Wa kutazama." Alilirudia neno kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta hauna chumvi. "Na yeye anakula nini?"

Nikamwambia: viluwiluwi wa mbu. Alicheka mpaka akashika jicho.

Samaki mwenyewe anaitwa Bonge. Ni beta wa jamii ya majitu, rangi ya chuma kilichopata moto, buluu inayogeuka shaba akipita kwenye mwanga. Nilimpima kwa rula ya mwanangu niliyoibandika nje ya kioo: kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, sentimita 11. Beta wa kawaida, yule unayemwona kwa wauza samaki wa mapambo ndani ya kikombe cha plastiki, huishia kama sentimita sita hivi. Kwa hiyo mtu aliyezoea wale wadogo akimwona Bonge hudhani ni aina nyingine kabisa. Siyo. Ni Betta splendens yuleyule, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Charles Tate Regan mwaka 1910. Tofauti ni kwamba wafugaji wa Thailand walichagua wakubwa, wakawazalisha wao kwa wao, wakachagua tena wakubwa wa watoto wao, kizazi baada ya kizazi. Ukubwa wake umo kwenye damu, haukuletwa na chakula. Naomba ulishike hilo, maana nyumbani kwangu watu wote walishindwa kulishika, na mimi mwenyewe ndiye niliyeanza.

Kabla ya Bonge kulikuwa na mwingine. Hakuwahi kupewa jina. Aliishi kwetu siku 19.

Nilimnunua pamoja na bakuli la kioo la duara, lita nne. Kijana aliyeniuzia alinihakikishia, "Huyu anavuta hewa, bosi. Hata kwenye glasi anaishi." Na nusu ya maneno yake ni kweli. Juu ya matamvua, beta ana kiungo chenye mikunjo ya nyama laini iliyojaa damu, na kwa hicho hupumua hewa hii tunayovuta sisi. Ndiyo maana kila baada ya muda anapanda juu, anafungua mdomo, anagonga uso wa maji, anashuka. Ukimzibia uso wa maji asifike juu, huyu ni samaki anayekufa maji kama mtu. Ndiyo maana pia anaweza kusafirishwa kutoka Bangkok ndani ya kifuko chenye maji kidogo na hewa nyingi, akafika hai.

Ila kuvuta hewa hakumzuii kunya. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yenyewe, na chakula kilichobaki chini kikioza hutoa nyingine. Lita nne zinajaa sumu hiyo upesi, na kwa jitu mlafi ni upesi zaidi. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto na yakiwa na tabia ya magadi. Sasa fikiria Dar, mwezi wa Februari, maji ya kisima kirefu yaliyoacha mabaka meupe hata kwenye birika. Nilikuwa nimempikia mchuzi wake.

Na nilikuwa msafi mno! Kila Jumamosi nilimtoa, nikamwaga maji yote, nikasugua bakuli na kokoto mpaka ving'ae, nikajaza upya. Siku ya 17 nikamkuta amelala chini, mapezi yamekunjika kama mwavuli, matamvua mekundu kama kidonda. Nikamwonea huruma. Huruma yangu ilikuwa kumbadilishia maji yote kwa mara moja, safari hii ya bomba, mabichi, yananuka dawa bado. Siku mbili baadaye mwanangu, darasa la pili, alimzika kwenye kopo la maua akaniuliza kama samaki husaliwa.

*

Bakuli nikaligeuza la kuwekea funguo. Nikaenda kwa fundi vioo wa mtaani, yule wa madirisha ya alumini, nikamchorea tangi: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35, kioo cha milimita tano. Alitaka kutumia silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Dawa hiyo inaua samaki. Nilimwambia atafute ile ya kawaida ya kuungia vioo, inayonuka siki inapokauka, na kabla hajaibana nikaomba niinuse. Alinitazama kama mganga anayetazama mteja mgumu. Tangi likakaa wiki nzima barazani mpaka harufu ikaisha. Likijazwa pungufu ya sentimita tano kutoka juu linabeba lita 54. Hizo ni kilo 54 za maji peke yake, hujaweka mchanga wala kioo, kwa hiyo ile stuli ya televisheni uliyoifikiria, isahau.

Halafu nikafuga tangi tupu kwa wiki sita.

Hapa ndipo mke wangu alipoanza kuwa na wasiwasi na mimi. Nilitia maji, mchanga, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, na kipande cha kamba mbichi kutoka soko la samaki la Feri. Siyo cha kuliwa na yeyote, cha kuoza. Kamba akioza anatoa amonia, na amonia huwaita bakteria wanaoila. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Wanajenga kwenye sponji, kwenye mchanga, kwenye kila chenye uso. Wale niliokuwa nikiwasugua kila Jumamosi kwa bidii ya mtu anayeosha sufuria ndio wangemwokoa samaki wangu wa kwanza.

Kila jioni nilichukua maji kidogo kwenye kichupa, nikadondoshea dawa ya kupimia, nikasubiri rangi. Kijani, amonia ipo. Kijani tena. Kijani kibichi kama kisamvu. Karibu na mwisho wa wiki ya tatu ikaanza kufifia kuelekea njano, na kichupa cha nitriti kikawa zambarau. Wiki ya sita vyote viwili vilitulia, njano na buluu, kwa siku nne mfululizo. Nilimwonyesha mke wangu vichupa. Akasema, "Hongera. Sasa toa huo mzoga."

Bonge aliingia Jumapili. Alizunguka kuta zote nne, akajitanua mbele ya kivuli chake mwenyewe, matamvua yamefunguka kama kola ya koti, akakitisha kivuli kwa robo saa. Kithai wanawaita *pla kat*, samaki anayeuma, na kwa karne nyingi wamewapiganisha kwa kamari. Wanasayansi waliochunguza vinasaba vyao wanakadiria kuwa watu wamewafuga kwa karne kadhaa. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kule wafugaji huwapanga madume kwenye chupa, safu kwa safu, na kati ya chupa na chupa huchomeka kipande cha karatasi ngumu wasionane, la sivyo watashinda siku nzima wakitukanana kupitia kioo. Nami nilibandika karatasi nyuma ya tangi. Kivuli kikafa, Bonge akatulia.

*

Matunzo yenyewe, ukishavuka hapo, hayana makuu. Jumapili natoa lita 15, narudisha lita 15 zilizokaa ndoo wazi tangu jana na kutiwa matone ya kuua klorini. Kulaza maji peke yake hakutoshi kila mahali, kwa sababu kuna dawa ya maji ambayo haipai hewani kirahisi, na matone ni rahisi kuliko kubahatisha. Sponji nikiona imejaa naikamua ndani ya maji machafu niliyoyatoa, kamwe siyo bombani. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Kwetu Dar hiyo ni bure miezi mingi; Julai usiku maji yalishuka hadi 23 nikanunua hita. Rafiki yangu wa Iringa alijaribu bila hita na samaki wake akawa kama mtu aliyekunywa dawa ya usingizi.

Umeme ukikatika, Bonge mwenyewe hana shida, anavuta hewa yake juu. Wanaokosa hewa ni wale bakteria wa kwenye sponji. Usiku mmoja ulikatika kwa saa tisa nzima, nikawa naamka kila mara, nachota maji kwa kikombe, nayamimina kutoka juu yabebe hewa. Asubuhi nilichelewa kazini na sikuweza kueleza kwa nini.

Na mfuniko. Nilipuuza mfuniko mara moja tu. Nilirudi nikamkuta sakafuni chini ya meza, amekauka mgongo, amejipaka vumbi kama samaki wa kukaanga aliyetiwa unga, matamvua bado yanacheza. Ile hewa yake ya juu ndiyo iliyomshikilia. Sijui alikaa pale muda gani. Tangu siku hiyo mfuniko una kitabu cha hesabu juu yake.

Lakini nilichotaka hasa kusimulia ni majani.

Ukisoma habari za beta utakutana na jani moja kila mahali: la mti ambao wataalamu wanauita Terminalia catappa. Wafugaji wa Thailand hutumbukiza jani kavu kwenye chupa. Maji yanageuka rangi ya chai, ukali wake wa magadi unashuka kidogo, na vile vitu vinavyotoka kwenye jani huzuia ukungu na baadhi ya vijidudu. Samaki aliyechanika pezi hutulia humo. Mtandaoni yanauzwa kwa pakiti, majani kumi kumi, yamepangwa kwa ukubwa kama mashati. Nilikuwa nimeshafika kwenye hatua ya kulipia, usafirishaji ukiwa ghali kuliko majani, ndipo nikaipanua picha.

Ule ulikuwa mkungu.

Mkungu! Mti uliosimama uani kwa bibi Pangani tangu sijazaliwa, wenye matawi yaliyotandazwa ghorofa kwa ghorofa, unaopukutisha majani mekundu makubwa kama viganja vya mzee. Utotoni kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuyafagia. Makungu tuliyala, tukaponda mbegu kwa jiwe kutafuta kile kiini kidogo ndani, tukarudi nyumbani na nguo zenye madoa yasiyotoka. Ile rangi isiyotoka ndiyo dawa yenyewe. Mama alinichapa kwa kitu ambacho leo kinauzwa kwa pakiti.

Nikampigia bibi. Nikamwomba, akija, aniletee majani ya mkungu yaliyoanguka yenyewe, makavu, yasiyo ya karibu na barabara.

"Mangapi?"

"Hata gunia."

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliyekaa naye, bila kuziba simu, "Mwanangu, mjini kumemshinda."

Alikuja nalo gunia. Nayaosha, namwagia maji ya moto, nayaacha yapoe, natia jani moja kwa tangi zima, nalibadilisha likianza kubaki mifupa. Mara ya kwanza kuliweka, maji yaligeuka kahawia taratibu mpaka jioni, kama strungi hafifu. Kesho yake asubuhi kona ya juu, chini ya jani linaloelea, kulikuwa na povu: mapovu madogo yaliyobanana, ukubwa wa kifuniko cha soda. Mwanangu alidhani tumemtilia sabuni. Ni kiota. Beta dume ndiye mjenzi na ndiye mlezi. Anatafuna hewa na mate, anatema mapovu, jike akitaga yeye huokota mayai kwa mdomo na kuyapachika humo, anayalinda peke yake na jike anamfukuza. Bonge hana jike wala sitaki awe naye, lakini anajenga. Mvua ikikaribia hujenga zaidi, au ndivyo ninavyojiaminisha.

*

Chakula ndicho kilichonigombanisha na watu.

Asubuhi anakula vidonge vitano vya chakula cha beta, jioni vitano, na Alhamisi anafunga. Wageni huona ni ukatili. Samaki mwenyewe huwasaidia kuamini hivyo, maana mtu akikaribia tu anakuja mbele, anatikisa kiuno, anakodoa, sura ya mtoto ambaye hajala tangu jana. Ni mwongo. Beta hula mpaka tumbo limsukume pembeni. Wafugaji wana msemo kwamba tumbo lake tupu ni kama jicho lake, na hata likitanuka halifiki mbali.

Vitamu vyake ni viluwiluwi. Nilikuwa nafuga kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nimeifunika wavu, navuna siku ya nne kabla yeyote hajaota mabawa. Ukiwatazama kwa karibu wanapendeza: wale wa mbu wanaoleta malaria hulala bapa chini ya uso wa maji, hawa wengine wananing'inia kichwa chini mkia juu, na ukitikisa ndoo wote wanashuka wakijipinda kama herufi zinazokimbia daftari. Unawachota kwa kichujio cha chai. Bonge hawasubiri wazame.

Mjumbe wa shina alifika jioni moja. Alikuwa mpole.

"Ndugu yangu, nimeambiwa unafuga mbu."

"Siyo mbu, mjumbe. Watoto wao."

Alikumbuka homa ya dengi ya mwaka 2014, akakumbuka na ya 2019, akanikumbusha na mimi. Hakuwa na kosa hata chembe. Nilimwaga ndoo mbele yake. Siku hizi Bonge anapata minyoo midogo myekundu iliyogandishwa, mara mbili kwa wiki, na friji yetu ina kontena ambalo nimeandika USIFUNGUE kwa herufi kubwa.

Kisha ikaja Idi.

Nyumba ilijaa: shemeji, watoto wao, majirani, sinia linatoka sinia linaingia. Mimi nilikuwa jikoni na mkaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtoto mmoja alimwona samaki amekodoa, akamwonea imani, akadondosha punje ya pilau. Mwingine akaona vibaya kupitwa na thawabu. Mtu mzima mmoja, ambaye simtaji kwa sababu tunakula naye meza moja, alimkatia kipande cha sambusa.

Usiku maji yalikuwa meupe kama tui la pili. Mafuta yalielea juu, hapohapo anapovutia hewa. Bonge alikuwa ameinama upande, tumbo limetokeza kama amemeza gololi, anajitahidi kupanda, anarudi nyuma. Nilifyonza mchanga kwa mpira, nikatoa punje 40 na ushee, nikazihesabu kwa hasira. Nikateleza karatasi ya jikoni juu ya maji inyonye mafuta. Nikabadilisha nusu ya maji usiku ule, nusu kesho yake, nusu keshokutwa, kila mara kwa joto lilelile na matone yaleyale, na kichupa cha amonia kikiwa kijani muda wote. Sponji sikuigusa. Chakula sikumpa siku nne. Kuna wanaoshauri umpe njegere iliyomenywa akivimbiwa. Huyu ni mla wadudu, njegere ataifanyia nini? Njaa ndiyo dawa, na maji safi. Kabla ya yote nilitazama magamba. Yangekuwa yamesimama kama tunda la msonobari, huo ungekuwa ugonjwa mwingine wa kujaa maji mwilini, na wengi hawaponi. Yalikuwa yamelala.

Siku ya tano alijisaidia, uzi mrefu wa rangi ya binzari, na nikaita watu waje waone.

Mke wangu aliandika karatasi akaibandika kwenye kioo: BONGE HALI WALI. Bado ipo, imefifia, wageni huisoma kwa sauti na kucheka, kisha wanauliza kama basi anakula ugali.

*

Ameshakaa nasi miaka miwili na miezi minne, na sikumnunua akiwa mtoto. Beta huishi miaka miwili, mitatu, akijaliwa sana akapita minne. Shaba ya ubavuni imekuwa kijivu. Vidonge vitano vimekuwa vitatu, na kimoja anakikosa kwa mara ya kwanza, anarudi nyuma, anakilenga upya. Kiota hajajenga tangu masika yalipoisha. Muda mwingi analalia jani pana la mmea niliomfungia kwenye gogo, pumzi zake zikiwa chache, na kila akitaka hewa anapanda kwa hatua mbili: kwanza mpaka nusu, anapumzika kwenye gogo, kisha juu.

Bibi alipokuja safari hii kwa jicho la pili aliliona hilo kabla sijamwambia. "Ngazi zimekuwa ndefu," alisema.

Jumapili nilitoa lita 15 kama kawaida, na sikurudisha zote. Jumapili iliyofuata vilevile. Sasa maji yamefika nusu ya kioo, gogo linakaribia kutokeza, na juu yake kuna nafasi tupu yenye alama nyeupe ya magadi pale maji yalipokuwa yakifika zamani. Lita zikiwa chache nabadilisha mara mbili kwa wiki. Jani la mkungu limo, dogo, nililolichagua lenye mpini mzima. Amejilaza juu yake, na kufika hewani anahitaji kupepea mara moja tu.